Orrin Pelkey Hayupo

Rincón Hondo, New Mexico
Aprili 6, 1970

Kwa Bwana Orrin Pelkey, wadi ya wanaume, Albuquerque

Bwana,

Shemeji yangu wa posta ameniambia umelazwa huko na ini limekugeuza rangi ya mahindi ya njano. Sikuandikii kukupa pole. Nakuandikia kukusomea mashtaka.

Mimi ni msimamizi wa mfereji wa kijiji hiki, kama alivyokuwa baba yangu na babu yangu. Shamba ulilonunua kwa warithi wa marehemu Trujillo linakunywa kwenye mfereji huo, kwa hiyo na wewe unanihusu, Mungu anisamehe. Sheria yetu ni kongwe kuliko serikali yenu. Kila masika, kabla ya kufungua maji, kila shamba linatoa mtu na sepetu, tunazibua mfereji kutoka mtoni hadi shamba la mwisho. Asubuhi mimi napanda juu ya jiwe, naita jina la mwenye shamba. Yeye au mtu wake anaitika: nipo. Asiyeitika hana maji mwaka huo. Mwaka jana ulikuja peke yako, ukaitika mwenyewe.

Jumamosi walikuja watu wako. Walikuja wote, wanawake kwa wanaume, nywele mpaka kiunoni, na mmoja kajifunga blanketi tupu, nikamwomba Bikira Maria fundo lisifunguke. Sepetu walikuwa nazo, sisemi uongo. Nikaita, "Orrin Pelkey." Kimya. Nikaita tena. Wakaanza kutazamana kama kuku waliosikia radi. Mara ya tatu nikamkazia macho yule msichana anayejiita Mvua, nikasema, "Orrin Pelkey, wa shamba la Trujillo." Akanijibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: "Baba, hapa kwetu hakuna mtu wa jina hilo. Ardhi ile haina mwenyewe."

Nikatangaza: Orrin Pelkey hayupo. Watu zaidi ya ishirini wamesimama mbele yangu, sepetu mkononi, na hawapo. Mzee Casimiro alicheka mpaka akakaa chini. Wakataka wachimbe hivyo hivyo. Nikawakatalia. Mtu ambaye hayupo hachimbi.

Lango lenu la maji nimelitia mnyororo. Nitaita mara ya pili, na ya mwisho, Jumamosi kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Isidro. Usipoitika, wewe au mtu wako, shamba litakunywa mvua ya Mungu, ambayo huku hainyeshi.

Filiberto Archuleta


Albuquerque
Aprili 12, 1970

Don Filiberto,

Barua yako imenikuta nimelala chali, macho njano, mkojo kama kahawa ya kituo cha basi, na imenifaa kuliko dawa zao zote. Nimecheka mpaka jirani wa kitanda cha pili akaniitia nesi.

Mzee, hujui unamwandikia nani. Mimi nimepika kwenye meli za mizigo tangu sijaota ndevu. Nimelaaniwa Manila, nimelaaniwa Valparaíso, na kuna Mgiriki mmoja alinilaani kwa mashairi kuanzia Marseille mpaka tunatia nanga. Laana zako ni maji ya uvuguvugu. Shule niliiacha mapema, kule Maine kwenye viazi, kwa hiyo ukiona kosa la herufi, huo ni mkono, kichwa kiko sawa.

Sasa sikiliza. Kosa ni lako. Kwa nini hukuita Boga? Kwetu mtu akifika anaacha jina la baba yake nje pamoja na viatu, anachagua jipya. Yuko Mvua. Yuko Mbweha. Yuko Kimya, ambaye hajanyamaza tangu azaliwe. Mimi kwa ajili ya hiki kitambi wakaniita Boga, na ungeita Boga pale juu ya jiwe lako wangekuitikia wote, hata mbwa.

Nitakuambia neno, ulitie tumboni likae humo. Shamba nililinunua kwa mshahara wa baharini, na wale hawajui. Siku ya kwanza Mvua aliniuliza ardhi hii ya nani. Nikamwambia ya ardhi yenyewe. Alilia kwa furaha, mzee. Ungemwona ungesema hivyo hivyo. Tangu siku hiyo kila jioni wanashikana mikono kuishukuru ardhi kwa kutokuwa na mwenyewe, na mwenyewe nimo humo humo kwenye duara, nimeshikwa mikono, nashukuru kwa sauti kuliko wote.

Kwa hiyo fungua maji, ita Boga, na hilo lingine linyamazie. Utakuwa umetenda kama mtu aliyetembea dunia, ingawa sote tunajua hujavuka hata Santa Fe.

Boga


Rincón Hondo
Aprili 17, 1970

Bwana Pelkey,

Mimi siiti mboga kwenye mfereji.

Santa Fe nimevuka. Nilivuka mwaka 1944 kwenda vitani, na sikurudi na kitambi, nilirudi na chuma kwenye paja.

Miaka miwili nawatazama watu wako, na mpaka leo sijajua hipi ni mtu wa namna gani. Padri anasema ni mzushi. Shemeji yangu anasema ni mtoto wa tajiri anayecheza umaskini, kama watoto wanavyocheza harusi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa nimeona wakipewa jembe, wakaligeuza ngoma. Wameng'oa milango yote ya nyumba ya Trujillo, mpaka ya choo, eti mlango unawatenga watu. Halafu unashangaa ini lako limechafuka. Kama wewe unajua hipi ni nini, niambie kwa sentensi moja, maana kwenye mkutano wa mfereji nitaulizwa na sitaki kusema uongo.

Nina wana wawili, Onésimo na Abrán. Wote wameondoka hapa, wameukimbia umaskini huu huu ambao watu wako wanausafiria kutoka mbali kuja kuuonja. Onésimo anafagia kiwanda huko Denver. Viatu alivyokuwa akiviota utotoni, watu wako wanavivua na kuviacha barabarani.

Juzi yule msichana alikuja kwenye ukuta wangu kuuliza Orrin Pelkey ni nani hasa. Ungemwambia wewe, mimi nisingepata raha hiyo. Nikamwambia: ni Boga wenu. Sikuongeza kitu. Akasema asante, akaondoka bila kuaga mbuzi wangu, ambao kwa kawaida huwaaga mmoja mmoja.

Filiberto Archuleta


Shambani, mwezi unaanza kumegeka
(kwa kalenda ya posta, Aprili 23)

Boga,

Nakuita hivyo kwa mara ya mwisho, kwa sababu jina lile lingine linanikwama kooni.

Mzee wa mfereji ametuambia. Tulikaa kwenye duara jioni mbili. Mbweha alikutetea, akasema labda ulisahau. Kimya aliongea kwa muda mrefu. Mwisho tukakubaliana wote, hata Mbweha: mwenye ardhi ni mwenye ardhi. Tulikuwa tunadhani tunaishi huru, kumbe tulikuwa wapangaji usiowadai kodi. Baba yangu naye ana watu wa namna hiyo, anawaita "familia yetu", wanalala juu ya banda la magari.

Kila jioni ulinishika mkono. Hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa mbali ukituibia nisingejali. Ulikuwa unanishika mkono.

Mzee anasema mtu yeyote anaweza kuitika badala yako, akijitaja kuwa mtu wako. Sisi si watu wa mtu. Hakuna atakayeitika. Maji tutachota mtoni kwa ndoo.

Usirudi hapa. Blanketi lako tumempa Kimya.

Mvua


Albuquerque
Aprili 28, 1970

Kwa Bibie Constance Whitlow, binti wa Jaji Whitlow wa Connecticut

Unaona inavyokera mtu kuitwa kwa jina lake?

Mwenye ardhi, umesema. Nionyeshe mwenye ardhi mwingine anayeamka kabla ya jogoo kuwapikia wapangaji uji. Nionyeshe mwenye ardhi anayemkanda Mbweha mgongo. Nani alichimba choo ambacho nyinyi mkang'oa mlango, mimi nikawa natimiza haja yangu huku nasalimiana na watalii? Nimewahi kuwa na tajiri wa meli asiyejua jina langu miaka mitatu, na hata yule hakunifukuza kwa barua.

Wewe bibie unaweza kuwa huna kitu, kwa sababu ukichoka jaji atakutumia tiketi. Kimya ana shangazi mwenye duka la manyoya. Mbweha baba yake ni daktari wa meno. Mimi nikichoka nina nini? Viazi vya Maine, na hata hivyo ni vya kaka yangu. Nilinunua kipande cha ardhi ili kwa mara ya kwanza maishani nisimame mahali ambapo hakuna wa kuniambia shuka. Halafu mkaja nyinyi, mkaniambia shuka.

Na ujue jambo moja, kwa kuwa mnapenda ukweli. Nikimwandikia sherifu mstari mmoja, mmoja tu, mtakuwa barabarani na ndoo zenu. Mzee Archuleta ataupeleka mwenyewe akikimbia, na paja lake lile. Kalamu ninayo. Muda ninao. Ninacho kila kitu hapa isipokuwa ini na blanketi.

Usinijibu.

Boga, upende usipende


Rincón Hondo
Mei 2, 1970

Bwana Pelkey,

Njegere zao zimeota na zimeanza kuinama. Wanachota maji mtoni kwa ndoo, mstari mrefu kupanda kilima. Mwanzoni walikuwa wakiimba. Sasa hawaimbi. Yule wa kuongea sana ameteguka mguu, anaongea akiwa amekaa.

Nasikia wamekufukuza. Shemeji yangu husoma bahasha kwa mwanga wa dirisha, ni dhambi yake, si yangu.

Nitasema nilichokuwa sitaki kukuambia. Sherifu ni mpwa wangu. Niandikie mstari mmoja kwamba watu wale si wageni wako, na kabla ya chai watakuwa barabarani. Kisha niuzie shamba. Onésimo akisikia kuna ardhi yenye maji pembeni ya kwetu, atatupa ufagio wake huko Denver na kurudi. Mama yake hajalala vizuri tangu aondoke. Mimi nalala vizuri, lakini na mimi nasikia anapogeuka kitandani.

Hupotezi kitu. Huna marafiki pale, huna maji, na afya ya kulima huna. Kaa kimya tu usiitike Jumamosi, hata hiyo itatosha. Sitasema mara ya pili.

Filiberto Archuleta


Albuquerque
Mei 5, 1970

Don Filiberto,

Kumbe mnyororo wote ule, sheria kongwe, jiwe la babu, ndani yake kulikuwa na Onésimo. Ungesema mapema tungetukanana kwa nafasi.

Mstari wako niliuandika. Usidhani mimi ni mtakatifu. Niliuandika kwa mwandiko mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika, mpaka nukta nikaweka. Nikamsomea jirani wa kitanda cha pili, akasema umekaa vizuri. Akaniuliza ni watu gani hao. Nikaanza kumsimulia siku Mvua alipooka mkate wake wa kwanza, ukatoka jiwe, na sisi sote tukautafuna tukisema mtamu, Mbweha akavunjika jino, mtoto wa daktari wa meno, akasema jino lenyewe lilikuwa linataka kutoka. Nikacheka, jirani akacheka, nikaupasua.

Sikuuzii. Na Jumamosi nitakuwepo. Daktari amesema nikitoka atakayenichukua ni padri. Nikamwambia nimetoka hospitali mbaya kuliko hii kupitia dirishani.

Uliuliza hipi ni nini. Nimelala hapa nikifikiri, kazi nyingine sina. Zamani ningekuambia ni mtu asiye na kitu. Lakini watu wasio na kitu nimewaona kila bandari, na hawana muda wa kushikana mikono. Labda hipi ni mtu mwenye kitu anayeomba asije akaulizwa ni cha nani. Waambie hivyo mkutanoni. Sema umeambiwa na mmoja aliyefukuzwa.

Ita kwa sauti. Masikio nayo yamekuwa njano.

Orrin Pelkey


Kutoka jikoni kwangu hadi ghalani kwangu
Mei 12, 1970

Pelkey,

Nimeapa sitazungumza nawe, kwa hiyo mke wangu atakuletea hii pamoja na bakuli.

Jumamosi niliita jina lako kwa sauti ya chini. Nakiri nilikuwa na tumaini. Ukaitika kutoka nyuma ya gari la maziwa, sauti kama bawaba mbovu. Sikuwahi kuona mtu wa rangi ile akiwa amesimama. Nikakupa kipande chako cha mfereji, na sikukupa kilicho chepesi.

Ulipoanguka kifudifudi kwenye matope, mkutano mzima ulinitazama mimi. Watu wako walikuwa wamepanga mstari ng'ambo, na ndoo zao. Kisha yule msichana akavuka, akakubandua vidole kwenye mpini bila kukutazama usoni, akachimba kipande chako mpaka mwisho. Alichimba vibaya, kwa hasira, lakini alifika chini kwenye changarawe. Akaitupa sepetu juu ya kitambi chako, akavuka akarudi.

Nimeuliza wazee wote kama kazi inayomaliziwa na adui wa mwenye shamba inahesabika. Nilitaka wakatae. Wamesema inahesabika. Mnyororo nimeuondoa.

Ghalani umewekwa na mke wangu. Mimi nilisema uachwe palepale, jua likukaushe. Na uache kumsifia supu. Ameanza kuniuliza kwa nini miaka yote mimi sisifii.

Filiberto Archuleta


Shambani, mwezi nusu
(Mei 13)

Boga,

Usijidanganye kuhusu ile sepetu. Njegere zilikuwa zinakufa.

Tumekaa tena kwenye duara. Wote wamekubali urudi, isipokuwa mmoja. Unajua kanuni yetu, mmoja akikataa ni basi. Ni mimi.

Ile barua yako niliisoma mara nyingi. Kuhusu tiketi ya baba yangu umesema kweli, na nakuchukia kwa kuisema. Ndiyo maana nakuandikia, maana watu wengine nisiowataka siwaandikii. Njia iko moja. Toa jina lako kwenye ardhi. Nenda mjini, waambie haina mwenyewe, kama ulivyoniambia siku ile. Ukifanya hivyo nitavuka kuja kukuchukua, nitakubeba mgongoni na kitambi chako. Usipofanya, nitakataa kila duara, mpaka nizeeke.

Mvua


Ghalani kwa don Filiberto
Mei 15, sikukuu ya Mtakatifu Isidro

Mvua,

Nakuandikia wamembeba mtakatifu wao kwenye mashamba, kelele za kengele zinapita hapa nje, na mimi nimelala kwenye majani makavu na mbuzi ananitafuna karatasi pembeni.

Ningependa unibebe. Nimebebwa na mabaharia wawili na polisi wa Lisbon, mwanamke bado.

Lakini jina sitoi. Fikiria, binti wa jaji. Masika ijayo mzee atapanda juu ya jiwe lake. Ataita nani? Ataita hewa. Hewa haiitiki, haishiki sepetu. Nyinyi mtasimama pale wote tena, na hamtakuwepo tena, na safari hii mzee atajua la kufanya, kwa sababu ana mwana Denver na mke anayegeuka kitandani. Si mtu mbaya. Amenitukana jana kupitia ukutani, halafu akaniwekea blanketi la pili akidhani nimelala. Ila ardhi yenu anaitaka, na mimi ningekuwa yeye ningeitaka.

Basi wewe kataa. Kataa kila duara, usilegee, maana ukilegea wengine watasema hata Mvua hakumaanisha. Na mimi nitakaa na jina, ng'ambo ya mfereji, mwenye shamba wa kwanza duniani aliyefukuzwa shambani kwake na bado analizibulia maji. Hilo nitajisifia nalo bandari zote, hata zile nisizofika.

Zamu yenu ya maji ni Jumanne. Lile lango lina ubao. Uinue upande wa kushoto kwanza. Ukianza na kulia unakwama, matope yanakurukia kifuani. Anzeni na vitunguu, njegere zinaweza kungoja. Usimwachie Kimya alifungue, ataongea mpaka zamu ipite. Na rudisheni mlango wa choo. Hilo sio siasa, ni ini.

Ukinikuta njiani usinisalimie, watasema umelegea. Lakini vitunguu vikikomaa, rusha viwili vitatu juu ya ukuta huu. Supu ya yule mama ni nzuri, ila haina kitunguu kabisa, na baada ya kuisifia kiasi kile sina uso wa kumwambia.

Orrin Pelkey